Safu ya Nyuma

Kola ilionekana, hilo hakuna aliyelibisha. Ilikuwa kwenye safu ya tatu, upande wa kulia, doa jeupe la ukubwa wa punje ya mchele, likielea gizani bila shingo wala kichwa. Fundi cherehani aliyeishona, tena kwa lesi aliyoinunua kwa fedha yake mwenyewe, aliisogeza picha dirishani, akaigeuza upande, akaisogeza tena.

"Mama yuko wapi?" alimwuliza mumewe.

"Si huyo hapo."

"Hii ni kola. Mimi nimekuuliza mama."

Mumewe mtaa mzima ulimwita Fleshi, kwa sababu ya kazi yake ya kupiga picha na pia kwa sababu hasira zake zilikuja na kuondoka bila kuaga. Aliipokea picha akaitazama kama mtu anayekagua kazi ya mwenzake. Safu ya mbele ilikuwa safi kabisa. Mkurugenzi wa ofisi ya maji alikaa katikati ya viti tisa, uso unang'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa, na wakuu wa vitengo kulia na kushoto kwake waking'aa kwa kadiri ya vyeo vyao. Safu ya pili, ya makarani na wasoma mita, ilikuwa ya kijivu. Safu ya tatu walisimama walinzi, madereva, mafundi bomba na wafagizi, na hiyo ilikuwa giza totoro. Ukimwondoa mlinzi mmoja aliyekuwa anacheka, safu nzima ilikuwa imechukuliwa na usiku saa nne asubuhi.

"Nilishona kola ya mtu," mkewe alisema. "Sikushona kola ya mzimu."

Mama mwenyewe, aliyemzaa Fleshi, alikuwa kwenye kochi anavua viatu. Alikuwa mfagizi wa ofisi ya maji kwa miaka thelathini na mmoja, na Ijumaa ya wiki iliyofuata alikuwa anastaafu. Ijumaa hiyo hiyo wageni kutoka makao makuu walikuwa wanakuja, na picha ya wafanyakazi wote ilikuwa itundikwe mlangoni, pale ambapo kila anayekuja kulalamikia bili lazima apite. Katika miaka hiyo yote, picha yake pekee ofisini ilikuwa ya kwenye kitambulisho, nayo ilifuliwa ikiwa mfukoni. Safari hii alikuwa amewaambia majirani wanne kwamba atakuwa ukutani, na kwa mtu kama yeye hilo lilikuwa sawa na kutangaza redioni.

"Nipo," alisema bila kuiangalia picha. "Nilisimama pale, miguu inauma hadi sasa. Kwani asiyeonekana ndiyo hayupo?"

Kisha akaenda chumbani na kufunga mlango taratibu, jambo ambalo liliwatia hofu zaidi kuliko kama angeubamiza. Alikuwa ameumia, na wote wawili walijua.

* * *

Mkurugenzi aliipenda picha.

"Hii ndiyo kazi," alimwambia Fleshi, akiishika mbali na uso ili ajione vizuri. "Sekretari, mwandikie huyu kijana ile kazi ya vitambulisho. Matawi yote matano. Tutatia saini Ijumaa, wageni wakishaondoka."

Vitambulisho vya matawi matano vilikuwa kazi ya mwaka mzima. Fleshi alikuwa anafanyia kazi chini ya mwavuli kando ya barabara, na shuka jeupe alilofungia ukutani lilikuwa na alama ya pasi. Kazi ile ingempatia chumba chenye mlango. Alishukuru mara tatu, na mara ya tatu hata yeye akajiona amezidisha. Suala la safu ya nyuma alikuwa amelibeba mdomoni tangu nyumbani, lakini akalimeza.

Aliyemwokoa ni mhasibu mkuu, ambaye aliingia kuchukua faili akaiona picha mezani.

"Nimefumba macho," alisema.

"Kidogo tu," alisema mkurugenzi.

"Macho hayafumbwi kidogo, bosi. Nimelala. Wageni wa makao makuu watasema mhasibu wao analala kazini, na mwaka huu kuna ukaguzi." Akamgeukia Fleshi. "Nyingine ziko wapi?"

Fleshi alikuwa amepiga tatu. Katika zote tatu mhasibu mkuu alikuwa amelala, kwa sababu fleshi ile ilikuwa kali kiasi kwamba hata mlinzi aliyekuwa anacheka alikiri baadaye kuwa aliona nyota. Ikaamuliwa picha irudiwe Jumatano. Watu kumi na sita kutoonekana hakukuwa sababu ya kurudia, ila macho mawili yaliyofumbwa yalitosha.

* * *

Karibu na posta alikuwepo mwanamke aliyepiga picha za pasipoti tangu enzi za filamu, na watu walimwita Mama Pasipoti. Kwa miaka minne Fleshi alikuwa akimcheka kwa wateja: kwamba kamera yake ni ya makumbusho, kwamba anatumia dirisha kama mtu asiye na umeme. Jumamosi asubuhi alisimama mlangoni pake na picha ndani ya bahasha, akisubiri amalizane na mteja.

"Karibu, fundi wa mjini," alisema Mama Pasipoti. "Leo umepotea njia?"

"Nimekuja kuuliza kitu, mama."

"Kuuliza si ujinga. Ila hapa ukiuliza unahamisha kwanza viti. Vile kumi na viwili, vitoe nje nifagie."

Akavitoa. Wateja wawili wa Fleshi walipita wakamwona na kiti kichwani, wakamsalimia kwa jina. Alipomaliza, Mama Pasipoti aliitazama picha kwa muda mfupi sana.

"Hawa wa nyuma wamekukosea nini?"

"Ukumbi ulikuwa na giza."

"Mapazia?"

"Yalifungwa. Mkurugenzi hapendi jua la machoni."

"Hebu nione kamera."

Hapo ndipo aibu yenyewe ilipokuwa. Kitufe cha kuzungusha juu ya kamera ya Fleshi kilikuwa kimezungushiwa selotepu mara tatu. Alipoanza kazi, mpiga picha mmoja wa harusi alimtajia namba: mia mbili, nane, mia moja. Shata, kile kilango cha mwanga, mia mbili, tundu la lenzi nane, na wepesi wa kuona mia moja, kisha fleshi uso kwa uso, nguvu zote. Fleshi alizikariri kama namba ya simu ya mchumba, akazifunga kwa selotepu zisije zikahama, na tangu siku hiyo akazitumia kupigia kila kitu: harusi, watoto wachanga, magari yaliyogongana, na kuku mmoja wa kesi mahakamani.

Mama Pasipoti aliiangalia selotepu kwa muda mrefu kuliko alivyoiangalia picha.

"Hii ni ya nini?"

"Isihame."

"Sasa mwanangu, ungenunua kamera ya kuchezea, ile haihami." Akaanza kuibandua kwa ukucha. "Sikiliza. Ndani ya chumba chochote kuna mwanga wa mle mle. Wa dirishani, wa taa, hata wa ukuta mweupe. Huo ndio mwenyeji. Hiyo fleshi yako ni mgeni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wako akifika, mwenyeji anakufa."

"Sasa nifanye nini?"

"Msubiri mwenyeji. Shata yako inafunguka na kufunga upesi mno, mwanga wa chumba haujapata hata muda wa kuingia. Unaingia wa fleshi tu, na fleshi haifiki mbali. Inawamulika wa mbele, ikifika safu ya tatu imechoka. Punguza kasi ya shata. Iambie kamera ione gizani. Halafu fleshi ipunguze nguvu, igeuze itazame dari, ishuke juu ya watu wote kama mvua, mkubwa na mdogo. Na weka kamera kwenye stendi, maana mkono wako unatetemeka."

"Mkono wangu hautetemeki."

"Utatetemeka. Rudisha viti ndani."

* * *

Jumapili mchana sebule ilihamishwa. Mbele Fleshi alipanga sufuria kwenye stuli, katikati ndoo tatu, na nyuma kabisa, karibu na kabati, akamsimamisha mama na kola yake. Mkewe alikaa kwenye cherehani na kuwa safu ya pili pamoja na ndoo.

"Huyu sufuria ndiye mkurugenzi?" mama aliuliza.

"Ndiye."

"Anafanana."

Picha ya kwanza, kwa namba za zamani, ilitoa sufuria inayong'aa na kola. Ya pili alizima fleshi kabisa na kupunguza kasi ya shata, kabati likaonekana hadi vitasa, lakini nyuso zikawa na vivuli vizito chini ya macho na mkewe akaonekana amegombana na mtu. Ya tatu alirudisha fleshi kwa nguvu zote, na sufuria ikatoweka ndani ya weupe wake yenyewe. Ya saba mama alipiga chafya, akatoka na vichwa viwili. Ya kumi na moja fleshi ilitazama dari, lakini dari ya sebule ilikuwa na doa la rangi ya chai pale bati lilipovuja, na wote wakawa wa rangi ya chai.

"Sogea pembeni ya doa," alisema mkewe.

"Najua."

"Ungejua ungekuwa umesogea."

Ya kumi na tisa alifungua pazia, akasogea, akashusha shata hadi thelathini, akapandisha wepesi wa kuona hadi mia nane, akapunguza fleshi hadi ikawa inakohoa tu badala ya kupiga kelele. "Msitikisike," alisema. Hawakutikisika. Alipoiangalia nyuma ya kamera alimpungia mkewe mkono.

Mkewe aliinuka, akaangalia, akamwita mama. Mama ndiye aliyekuwa wa mwisho kuja, akijifuta mikono ambayo haikuwa na maji. Sufuria ilikuwa sufuria. Ndoo zilikuwa ndoo. Nyuma, mwanamke wa miaka sitini mwenye kola ya lesi alisimama wima, uso wake wote upo, mikunjo na yote, na macho yanamtazama anayemtazama.

"Kumbe nimezeeka hivi," mama alisema. Kisha akasema, "Pale juu ya kabati pana vumbi," akaenda kulifuta. Aliimba alipokuwa anafuta, na hakuwa mtu wa kuimba.

* * *

Jumatano Fleshi alifika ofisini na stendi ya kuazima. Ukumbi ulikuwa ule ule na mapazia yalikuwa yamefungwa.

"Naomba tufungue mapazia," alisema.

"Jua," alisema mkurugenzi.

"Ni kwa ajili ya macho ya mhasibu, bosi. Kukiwa na mwanga, fleshi inapungua ukali, hatafumba."

Mhasibu mkuu alimtazama mkurugenzi, na mwaka ule ulikuwa wa ukaguzi. Mapazia yakafunguliwa. La tatu lilikwama kama lilivyokuwa likikwama tangu liwekwe, na aliyejua kulikwamua alikuwa mmoja tu. Mama alitoka safu ya nyuma, akapita mbele ya viti tisa akisema samahani tisa, akalivuta kwa kulinyanyua kwanza, kisha akarudi mahali pake kwa samahani nyingine tisa.

Mkono wa Fleshi ulitetemeka kama ulivyotabiriwa. Lakini kamera ilikuwa kwenye stendi.

Alhamisi asubuhi aliweka picha mbili mezani kwa mkurugenzi. Mpya ilikuwa na watu thelathini na sita. Ungeweza kusoma namba kwenye beji ya mlinzi. Ungeweza kuona kwamba dereva mmoja amepaka mafuta nywele, kwamba fundi bomba amekuja na fulana ya mpira chini ya koti la kazi, kwamba nyuma ya wote kuna ukuta na ukutani kuna saa inayofanya kazi. Mhasibu mkuu alikuwa macho.

Mkurugenzi aliiangalia, akaiangalia ile ya zamani, akarudi.

"Hii ina shida."

"Shida gani, bosi?"

"Sijui niiteje. Imekuwa kama ya sokoni. Wote tuko tuko tu." Aligonga kwa kidole uso wake pale kwenye karatasi. "Mbona nafanana na hawa?"

Fleshi alitaka kusema kuwa hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Badala yake akasema, "Mwanga umesambaa."

"Basi usisambae. Tumia ile ya kwanza. Macho ya mhasibu yatoe kwenye hii uyabandike kwenye ile, si mnafanya hivyo kwenye kompyuta? Iwe kubwa, na fremu ya dhahabu. Kesho saa tatu iwe ukutani. Na uje na kalamu, tutatia saini vile vitambulisho."

Macho yalihamishika kwa dakika ishirini. Watu kumi na sita wa nyuma ndio wasingehamishika.

* * *

"Weka hiyo ya bosi," mama alisema jioni. Alikuwa anaipiga pasi sare yake ya kufanyia usafi, ingawa ilibaki siku moja. "Heri nusu shari kuliko shari kamili. Mimi kesho naondoka, wewe ndiyo unaanza. Chumba chenye mlango si mchezo."

"Mama, uliwaambia majirani."

"Majirani wanasahau. Mwenye nyumba hasahau."

"Na wewe?"

Mama aligeuza sare akapiga upande wa pili. "Mimi nilishaiona. Nyuma ya kamera yako, Jumapili. Imetosha."

Haikuwa imetosha. Mwanawe alimjua: akisema kitu kimetosha hushusha sauti kwenye neno la mwisho, tangu enzi za kugawa chakula. Fleshi alimtazama mkewe apate wa kumuunga mkono. Mkewe alikuwa anatia uzi kwenye sindano, hakuinua kichwa. Akachukua picha zote mbili kwenye kadi ya kamera, akaenda kwa mtu wa kuchapisha kabla hajafunga.

* * *

Ijumaa saa mbili na nusu mama alikuwa mlangoni mwa ofisi na ngazi, nyundo na misumari miwili, kwa kuwa aliyetundika kila kitu katika jengo lile ni yeye: saa, kalenda, na wakurugenzi wanne waliotangulia. Fleshi alifika na fremu iliyofungwa kwa magazeti. Mama aliyachana.

Alisimama akaitazama.

"Umekosea picha, mwanangu."

"Sijakosea, mama."

"Vitambulisho je?"

"Mwavuli bado upo."

Mama aliangalia korido. Sekretari alikuwa anapanga vikombe, mkurugenzi alikuwa ofisini anafunga tai. Ingewezekana kabisa kuirudisha ndani ya magazeti, ile nyingine ilikuwa kwa mchapishaji, mwendo wa robo saa. Alishika nyundo kwa muda wa mtu anayejiuliza kama amezima jiko. Katika miaka thelathini na mmoja hakuwahi kutundika kitu ambacho hakuagizwa. Kisha akapanda ngazi, akapigilia msumari wa kwanza, akashuka kuangalia kama umenyooka, akapanda tena, akapigilia wa pili. Akafuta kioo. Akairudisha ngazi mahali pake na kuja kusimama karibu na ukuta, kitambaa mkononi, kola shingoni juu ya sare.

Wageni waliingia saa tatu kamili, watano, mkurugenzi akiwatangulia huku anatembea kinyumenyume kwa heshima. Hivyo picha ilikuwa nyuma yake na alikuwa wa mwisho kuiona.

"Hii nzuri," alisema mkubwa wa wageni, mwanamke mwenye miwani shingoni. Akaivaa. "Sikujua mko wengi hivi." Alipita safu moja moja kwa kidole bila kugusa kioo, mpaka nyuma, upande wa kulia. Akageuka. "Si wewe huyu, mama?"

"Ni mimi," mama alisema.

"Umetoka vizuri. Na hiyo kola."

"Ameishona mkwe wangu."

Mkurugenzi alikuwa ameshageuka. Tabasamu lake lilibaki mahali pake, ila macho yakawa yanatembea kwenye kioo, kushoto, kulia, kushoto tena, yakitafuta sahani inayong'aa na yasiione. Alikuwa na haraka na alikuwa na wageni, na nyuso zilikuwa thelathini na sita.

"Mimi niko wapi?" akauliza.

Mama alisogea, akanyoosha mkono wenye kitambaa, na kumwonyesha kwa adabu ile ile ambayo alikuwa akimwonyesha palipo na maji ili asiteleze.

"Wewe hapa, bosi. Wa tano kutoka kushoto. Hapo hapo ulipokaa."

Vitambulisho vya matawi matano alipewa mtu mwingine, na Fleshi alirudi kwenye mwavuli wake na shuka lenye alama ya pasi. Mkurugenzi aliagiza picha ile ishushwe jioni hiyo hiyo, wageni walipoondoka. Sekretari alimwita mlinzi, mlinzi akamwita dereva, wakazunguka jengo zima wakitafuta ngazi. Anayejua inapowekwa alikuwa amestaafu saa kumi.